Mwalimu Akihama, Mshahara Wake Unamfuata?

Somo la kujifunza katika vikundi



Wengi wenu mnaijua Kariokor, hapa Nairobi tulipo, kwa sababu ya soko lake. Ndiko vyondo mnavyosuka huko vijijini huletwa kuuzwa. Lakini siku hizi basi linaloleta vyondo huleta pia walimu. Ni vijana wenu, wengi wao wasichana, wametoka chuoni, hawajaajiriwa na serikali, wamesikia kuna shule Eastlands inatafuta mwalimu. Wengine wanaenda upande ule mwingine: wametoka Nairobi na barua ya kwenda kufundisha mbali, Turkana au Tana River. Na huko kijijini kwenu, kila muhula kuna mwalimu anayeaga na darasa linabaki bila mtu.

Somo letu leo linahusu jambo hilo. Mwalimu akitoka kaunti moja akaenda nyingine, kazi yake inakuwaje? Mshahara wake unamfuata, au unabaki nyuma?

Lengo la somo: baada ya kusoma na kujadili, kila mwanachama aweze kuuliza maswali yanayofaa kabla kijana wake hajapanda gari, na kabla kikundi hakijatoa mkopo au mchango kwa ajili ya mwalimu.

Neno la kushika ni hili moja: mshahara wa mwalimu unatoka kwa mwajiri wake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ni pesa ngapi?" uliza kwanza "mwajiri ni nani?"

1. TULIKOTOKA

Jina Kariokor lenyewe linatukumbusha habari ya mishahara. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918. Kule Dar es Salaam pia wana Kariakoo yao, na asili ya jina ni hiyo hiyo. Wanaume walichukuliwa kutoka kila pembe ya nchi kubeba mizigo ya jeshi. Maelfu kwa maelfu walikufa njiani, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao nyumbani. Mtu alihamishwa mbali, akafanya kazi, na jasho lake likapotelea huko huko.

Walimu wa Kenya nao walipitia taabu ya namna yao. Wakati wa ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru, mwalimu hakuwa na mwajiri mmoja. Wengine waliajiriwa na misheni, wengine na serikali za wilaya, wengine na bodi za shule. Walimu wawili wenye cheti kimoja wangeweza kuwa na masharti tofauti ya kazi, kwa sababu tu mmoja yuko chini ya mwajiri huyu na mwenzake chini ya yule.

Ndiyo maana tarehe 4 Desemba 1957 walimu walianzisha chama chao cha KNUT, hapa jirani yetu Pumwani. Dai lao moja kubwa lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote. Walilipata mwaka 1967, Tume ya Kuajiri Walimu, yaani TSC, ilipoundwa kwa sheria ya Bunge. Tangu hapo mwalimu wa TSC akitoka Busia akaenda Kwale, mwajiri wake ni yule yule na cheo chake ni kile kile. Katiba ya 2010, kifungu cha 237, iliipa TSC nguvu zaidi: kuandikisha walimu, kuwaajiri, kuwapanga shuleni, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha na kuwatia nidhamu.

Basi kama mwajiri ni mmoja, mbona vijana wetu wanahangaika? Tufuate mambo kwa mpangilio.

Mwaka 1997 walimu waligoma, wakaahidiwa nyongeza ya asilimia 150 hadi 200 kwa miaka mitano. Serikali haikuendelea na ahadi hiyo kama ilivyotia sahihi, na mwaka 1998 wakagoma tena. Mwaka huo huo ule utaratibu wa kuajiri kila aliyemaliza chuo cha ualimu ulisimama. Zamani mtu akimaliza chuo alingojea barua tu. Baada ya hapo akaanza kungojea nafasi itangazwe, ashindane na wengine.

Kisha mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Watoto waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Tulifurahi sana, na ilikuwa haki. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Pengo hilo lilizibwa na nani? Na ninyi wazazi, kwa michango. Ndipo wakazidi wale walimu tunaowaita "walimu wa wazazi" au "walimu wa BOM", yaani walioajiriwa na bodi ya usimamizi wa shule.

2. WALIMU WA AINA NNE

Ukiingia shule nyingi za kijijini utaona walimu wote wameshika chaki ile ile. Lakini waajiri wao si mmoja. Tuwapange katika mafungu manne.

Fungu la kwanza: mwalimu wa TSC wa kudumu. Huyu akihama kwa barua ya uhamisho, cheo chake, mshahara wake wa msingi na pensheni yake vinamfuata. Tangu tarehe 1 Januari 2021 kuna mpango wa pensheni ambao mwalimu anakatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, na 7.5 kuanzia mwaka wa tatu. Serikali inamwekea asilimia 15. Hizo zinaandikwa kwa jina lake, awe Nyeri au awe Lamu.

Kinachobadilika ni marupurupu. Marupurupu ya nyumba hufuata mahali: Nairobi ni juu, mashambani ni chini. Yale ya mazingira magumu hulipwa tu katika sehemu ambazo serikali imezitaja kuwa ngumu, kama vile Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Mwalimu akitoka huko, hayo yanakoma. Kwa hiyo mke asishangae mume akirudi karibu na nyumbani huku slipu ya mshahara imepungua. Hakuna aliyemwibia. Ndivyo utaratibu ulivyo, na ni vizuri familia ijue mapema, hasa kama kuna mkopo wa sacco unaokatwa kila mwezi.

Fungu la pili: mwalimu mwanagenzi, wale watu huwaita maintani. Huyu pia yuko chini ya TSC, lakini kwa mkataba wa muda. Wale wa Sekondari Msingi walioanza mwaka 2023 walipewa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na wa shule za msingi 15,000, kabla ya makato. Wengi walipelekwa mbali na kwao, wakalipe kodi ya nyumba na nauli kwa posho hiyo hiyo. Tarehe 17 Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilisema kwamba kuwatumia walimu waliohitimu na kuandikishwa kwa namna hiyo si halali. Kukawa na rufaa na mgomo. Mwishowe walimu 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025, na wanagenzi wengine wapya 20,000 wakachukuliwa. Funzo kwetu ni kwamba barua yenye muhuri wa TSC inaweza kuwa ya kazi ya kudumu au ya uanagenzi. Isomeni yote hadi mwisho.

Fungu la tatu: mwalimu wa chekechea. Hapa ndipo wengi wanakosea. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti kazi ya elimu ya chekechea. TSC inamwandikisha mwalimu huyu, lakini anayemwajiri ni kaunti, kupitia bodi yake ya utumishi wa umma. Kaunti ni 47, kwa hiyo waajiri ni 47. Mwalimu wa chekechea wa kaunti moja akimfuata mume wake kaunti nyingine, hana uhamisho wa kawaida kama mwenzake wa TSC. Anaomba kazi upya, anangojea kaunti mpya itangaze nafasi, na masharti anayoyakuta huenda si yale aliyoyaacha. Nambari yake ya TSC anaenda nayo. Kazi yake anaiacha.

Fungu la nne: mwalimu wa bodi au wazazi, na mwalimu wa shule ya binafsi. Huyu mshahara wake unaishia pale pale lango la shule. Akihama, anaanza tena kutoka sifuri. Lakini kuanza sifuri siyo kusema hana haki. Haki zake tutazitaja sehemu ya 5.

3. HESABU KIDOGO

Sasa tupige hesabu. Nambari hizi ni za kujifunzia tu. Kikundi chenu kiweke zile za kweli mnazozijua.

Tuseme kuna mwalimu wa bodi kijijini. Analipwa 8,000 kwa mwezi, miezi yote 12. Anaishi kwa wazazi wake, halipi kodi. Anachangia chakula 2,500 kwa mwezi.

Anapokea kwa mwaka: 8,000 mara 12 ni 96,000.
Anatoa chakula: 2,500 mara 12 ni 30,000.
Anabaki na 66,000.

Anasikia kuna shule ya binafsi Eastlands inalipa 15,000. Karibu mara mbili! Anafunga mzigo. Akifika anaambiwa kwamba mwezi wa likizo hakuna mshahara. Aprili, Agosti na Desemba, hakuna kitu. Hilo ni jambo tunalolisikia mara nyingi hapa kwetu.

Anapokea kwa mwaka: 15,000 mara 9 ni 135,000.
Kodi ya chumba: 5,000 mara 12 ni 60,000. Mwenye nyumba hana likizo.
Nauli: 2,200 mara 9 ni 19,800.
Chakula: 4,500 mara 12 ni 54,000.
Jumla ya matumizi ni 133,800.
Anabaki na 1,200 kwa mwaka mzima.

Na hapo bado hatujakata NSSF, wala asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, wala asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Hatujanunua viatu. Hatujatuma hata shilingi moja nyumbani, na nyumbani wanangojea, maana wanajua "mtoto wetu anafanya kazi Nairobi."

Mnaona? Elfu kumi na tano imekuwa ndogo kuliko elfu nane. Hatusemi kijana asije mjini. Wako waliokuja wakapata shule nzuri, wakasoma jioni, wakaongeza cheti, leo wako TSC. Tunasema apige hesabu ya mwaka mzima, siyo ya mwezi mmoja, na aipige akiwa bado nyumbani.

4. PESA SIYO JAMBO LA PEKEE

Uhamisho unagusa pia maisha ya ndoa, watoto na usalama.

Mwaka 2018 TSC ilianza kuwahamisha kwa wingi walimu wakuu na walimu wengine kutoka kaunti zao za nyumbani. Nia iliyotajwa ilikuwa kuleta umoja wa taifa na uongozi bora. Lakini familia nyingi ziligawanyika: baba kaunti hii, mama ile, watoto kwa nyanya. Mshahara mmoja ukalisha nyumba mbili. Mwaka 2022 Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kuiondoa sera hiyo, na baadaye TSC ikaanza kuwarudisha walimu karibu na makwao.

Kaskazini mwa nchi maumivu yamekuwa makubwa zaidi. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililokuwa linatoka Mandera kuja Nairobi lilishambuliwa, watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wanaenda nyumbani likizo ya Krismasi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na baada ya hapo TSC ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika maeneo hayo. Mwalimu aliyekimbia hakosi haki ya kuogopa. Na mtoto wa Garissa aliyebaki bila mwalimu hakutenda kosa lolote. Hapa hakuna wa kumcheka mwenzake. Tujifunze tu kwamba marupurupu ya mazingira magumu hayawezi kununua uhai, na kwamba kijiji kisichokuwa na walimu wake wenyewe hubaki mikono mitupu wageni wakiondoka. Kusomesha watoto wa kwetu wawe walimu ni kazi ya maendeleo sawa na kuchimba kisima.

Pengine mtauliza, je, wenzetu wa nchi nyingine wanafanyaje? Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo linatoa leseni yake ya ualimu. Mwalimu akivuka mpaka wa jimbo huenda akatakiwa kuomba leseni upya, pengine na kufanya mtihani. Mshahara unapangwa na wilaya ya shule, na pensheni ya jimbo hili haihami kirahisi kwenda jimbo lile. Mwaka 2023 majimbo 10 ya kwanza yalikuwa yamekubaliana kutambua leseni za walimu wa majimbo wenzao. Kwa hiyo jambo ambalo walimu wetu walilidai tangu siku za Pumwani, wengine wenye mali nyingi kuliko sisi bado wanalitafuta. Nambari ya TSC inayotambuliwa kaunti zote 47 ni mali kubwa. Tusiidharau.

5. KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza, kwa kijana anayehama:

(a) Awe na nambari ya TSC. Sheria ya TSC ya 2012 hairuhusu mtu ambaye hajaandikishwa kufundisha. Shule inayosema "hiyo haina maneno, wewe njoo tu" inamtafuta mtu ambaye hataweza kulalamika.

(b) Kama ni mwalimu wa TSC, asiondoke kituoni kabla barua ya uhamisho haijafika mkononi. Uhamisho ndani ya kaunti ndogo au kaunti hushughulikiwa na wakurugenzi wa TSC wa huko. Ule wa kutoka kaunti moja kwenda nyingine hushughulikiwa na makao makuu. Kuondoka bila barua huhesabiwa kuwa kutoroka kazi, na kazi yenyewe yaweza kupotea.

(c) Kama ni shule ya binafsi au ya bodi, aombe mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe. Mkataba utaje jina la mwajiri, kiasi cha mshahara, siku ya kulipa, kama likizo inalipwa, na mambo ya nyumba. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kwa mwaka, miezi mitatu ya uzazi kwa mama, slipu ya mshahara, na notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi.

(d) Akiondoka adai cheti cha utumishi. Ni haki yake kwa sheria, hata kama ameachana na mwajiri kwa ugomvi. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema mahali pengine kwamba alifundisha.

(e) Asitoe hongo. TSC imetangaza mara nyingi kwamba kazi yake haiuzwi. Hata hivyo bado tunasikia familia imeuza ng'ombe, au chama kimevunja sanduku, ili "mtu wa mkono" alete barua. Mara nyingi barua ni bandia. Na ikiwa ya kweli, imechukuliwa kwa mtoto wa maskini mwingine aliyengoja miaka kumi. Tukubaliane kama vikundi: mkopo wa nauli, ndiyo. Mkopo wa kodi ya mwezi wa kwanza, ndiyo. Mkopo wa hongo, hapana.

Pili, kwa kijiji kinachompokea mwalimu:

Hapa, ndugu zetu, tuambiane ukweli. Tunalalamika walimu wa bodi wanahama ovyo. Lakini mwalimu ambaye hajalipwa tangu muhula uliopita, afanye nini? Kanisa limefundisha juu ya mshahara wa haki tangu barua ya Papa Leo XIII ya mwaka 1891, na kabla ya hapo Waraka wa Yakobo, sura ya 5, uliwaonya matajiri wanaozuia malipo ya vibarua. Tukisoma maneno hayo huwa tunamfikiria tajiri fulani wa mbali. Lakini kama sisi wazazi tumemwajiri mwalimu, mwajiri ni sisi. Wanaozuia mshahara wake wanaweza kuwa ni sisi.

Basi kikundi kifanye haya:

(a) Michango ya mwalimu ipitie bodi na akaunti ya shule, ikatiwe risiti, isomwe mkutanoni. Isikae mfukoni mwa mtu. Na asifukuzwe mtoto wa mzazi asiyeweza kuchanga, kwa maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo.

(b) Bora kulipa kidogo kwa uhakika kuliko kuahidi kikubwa. Mkiweza kulipa 6,000 miezi yote 12, semeni hivyo. Msiseme 10,000 halafu mlipe mara nne kwa mwaka.

(c) Pale pesa zinapokosekana, mnayo mikono. Chumba safi karibu na shule, kipande cha shamba cha kulima sukuma wiki, kuni, maji. Mwalimu asiyelipa kodi tayari amepandishwa mshahara. Lakini vitu hivi visaidie malipo, visiyafute.

(d) Andikeni kila mwaka kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo kuonyesha upungufu: madarasa mangapi, watoto wangapi, walimu wa TSC wangapi, walimu wa wazazi wangapi. Wekeni nakala. Kijiji kinachoandika barua si lazima kipate mwaka huo huo, lakini kijiji kisichoandika hakijulikani.

6. IGIZO FUPI

Wanachama watatu wasome sehemu hizi kwa sauti mbele ya wenzao.

MAMA: Mwenyekiti, msichana wangu amepata kazi ya kufundisha Nairobi. Elfu kumi na tano! Naomba chama kinikopeshe elfu kumi aanze nazo.

MWENYEKITI: Hongera sana mama. Sasa hiyo elfu kumi na tano atalipwa na nani?

MAMA: Si ni shule?

MWENYEKITI: Shule ya nani? Mwanangu, hebu tuambie wewe.

MWALIMU: Ni ya mtu binafsi, mzee. Niliongea na mwalimu mkuu kwa simu.

MWENYEKITI: Amekuandikia barua?

MWALIMU: Alisema nitaipata nikifika.

MWENYEKITI: Na Aprili, Agosti na Desemba, unalipwa?

MWALIMU: Hapo sikuuliza, mzee.

MAMA: Lakini mwenyekiti, akikawia nafasi si itachukuliwa na mwingine?

MWENYEKITI: Mama, kuuliza ni dakika tano za simu. Hatumkatazi kwenda. Tunataka ajue anakokwenda, na wewe ujue deni hili litalipwa na nini. Apige simu sasa hivi, sisi tunangoja hapa.

7. MASWALI YA KUJADILI

1. Katika igizo, mama anaogopa nini? Je, woga wake una msingi?

2. Hesabuni walimu wa shule iliyo karibu nanyi. Wangapi ni wa TSC wa kudumu, wangapi wanagenzi, wangapi wa kaunti, wangapi wa bodi?

3. Mwalimu wa bodi wa mwisho kuondoka kwenu aliondoka kwa nini? Je, alilipwa yote? Kama bado, ni nani atakayeenda kumtafuta?

4. Pigeni ile hesabu ya sehemu ya 3 kwa nambari za kwenu. Mwalimu anabaki na kiasi gani kwa mwaka?

5. Mwanachama akiomba mkopo wa "kununua kazi", kikundi kitajibu vipi? Andikeni jibu hilo katika sheria za kikundi.

8. KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni watu wawili. Mmoja aende kwa mwalimu mkuu kuuliza upungufu wa walimu, na mwingine aende katika ofisi ya TSC ya kaunti ndogo kuuliza jinsi nafasi zinavyotangazwa. Walete majibu kwa maandishi.

Tena, kama kuna mwalimu kijana kutoka kwenu aliyekuja Nairobi na akakwama, bila mkataba au bila mshahara, mwambieni asikae chumbani akilia peke yake kwa aibu ya kurudi nyumbani. Aende ofisi ya kazi ya serikali, au afike parokia yoyote iliyo karibu aulize ofisi ya maendeleo. Asikawie, kwa maana madai ya mshahara kwa kawaida yana muda wa miaka mitatu tu kisheria. Aje na kila karatasi aliyo nayo, hata kama ni ujumbe wa simu. Mshahara aliokwisha kuufanyia kazi ni wake, awe amehama au amebaki.